Saa 48 kabla ya mkutano

Katibu wa chama cha siasa anayetaka kuhutubia watu uwanjani, iwe Tandahimba au Temeke, huanza na karatasi. Anamwandikia barua ofisa anayesimamia polisi wa eneo lile, ambaye mara nyingi ni mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), akitaja mahali, saa na madhumuni ya mkutano. Barua inatakiwa ifike si chini ya saa 48 kabla watu hawajakusanyika. Katibu mzoefu huenda na nakala mbili: moja inabaki kituoni, ya pili inagongwa muhuri wa mapokezi na anarudi nayo. Hiyo ya pili huhifadhiwa vizuri kuliko bendera ya chama, kwa sababu siku mambo yakiharibika ndiyo ushahidi kwamba polisi waliambiwa mapema.

Kisheria barua hiyo ni taarifa. Haiombi kitu. Inawawezesha polisi kujua wapeleke askari wangapi na barabara ipi iangaliwe. Hata hivyo ofisa huyohuyo amepewa uwezo wa kujibu kwa mistari michache kwamba mkutano usifanyike, akiona utavunja amani. Asiyeridhika anakata rufaa kwa waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani, yaani kwa mkubwa wa huyo aliyemzuia, na waziri akishasema ndio basi. Kwa miaka mingi jibu la polisi limekuwa na maneno yake ya kudumu: zipo "taarifa za kiintelijensia". Hapo mjadala huisha, kwani utabishanaje na taarifa usiyoruhusiwa kuiona?

Karatasi hiyo ina umri mkubwa kuliko nchi yenyewe. Ukiifuata inakotoka utapita karibu kila njia panda ya siasa za Tanzania, kuanzia TANU, chama kilichodai uhuru, hadi leo, na utaona jambo moja likijirudia. Kila Katiba ilipoongezewa haki, uamuzi wa nani aitumie na lini uliachwa mezani kwa mtu.

Waingereza ndio walioiweka mezani. Sheria yao ya polisi ilimtaka anayeitisha mkutano wa hadhara apate kwanza kibali cha mkuu wa wilaya (DC), na sheria yao ya vyama, iliyotoka mwaka uleule wa 1954 TANU ilipoanzishwa, ilitaka kila tawi liandikishwe. Chama kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai, na kabla mwaka haujaisha Usukumani kilikuwa kimeshazuiwa. Marufuku hiyo ilidumu kwa miaka. Mwanzoni mwa 1957, baada ya hotuba ambayo serikali ya Gavana Edward Twining iliiona ya uchochezi, Julius Nyerere mwenyewe alikatazwa kuhutubia mikutano ya hadhara. Rais wa chama kikubwa kuliko vyote Tanganyika akawa haruhusiwi kusimama mbele ya watu na kusema.

Mwaka uliofuata walimfikisha mahakamani. Gazeti dogo la chama, Sauti ya TANU, lilikuwa limewaandika vibaya maofisa wawili wa wilaya, na Nyerere akashtakiwa kwa kuwakashifu. Aliyekuja kumtetea ni D. N. Pritt, wakili wa Uingereza aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Hakimu alimpa achague: alipe faini ya shilingi 3,000 au afungwe miezi sita. Alilipa. Wenzake wengine walitamani aingie jela, maana kiongozi aliyefungwa na mkoloni hupanda bei, lakini Gavana Richard Turnbull alikuwa ameshaingia na Nyerere aliona mazungumzo yana faida kuliko kifungo.

Kwa hiyo watu walioshika serikali Desemba 1961 hawakuwa wageni wa mambo haya. Walijua kunyimwa kibali kulivyo. Ndiyo maana kilichofuata kinasumbua kila anayekisoma leo.

Katiba ya uhuru ya Tanganyika haikuwa na sura ya haki za raia. Makoloni mengine mengi ya Uingereza yalipewa katiba zenye sura hiyo, lakini viongozi wa TANU waliikataa. Sababu zao hazikuwa za kipuuzi. Majaji wa wakati ule karibu wote walikuwa wageni, na serikali changa iliogopa kwamba kila hatua ya kugusa ardhi au mali ya wakubwa wa jana ingeishia mahakamani kwa jina la haki. Nchi ilikuwa na madaktari wa kuhesabika, wahandisi wa kuhesabika, na viongozi waliamini haina muda wa kesi. Jamhuri ilipoundwa mwaka 1962 haki zilitajwa katika utangulizi wa Katiba, mahali pazuri pa kusomwa kwenye sherehe, ila hakuna raia aliyeweza kwenda nazo kwa jaji.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Rais akiridhika kwamba mtu fulani ni hatari kwa usalama, alitia saini na mtu huyo akawekwa ndani bila mashtaka. Sheria ilisema wazi kwamba amri hiyo haihojiwi mahakamani.

Wapinzani walikuwepo, wachache lakini wenye majina. Zuberi Mtemvu alijitoa TANU mwaka 1958 akipinga uamuzi wa mkutano wa Tabora wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, akaanzisha African National Congress, ambayo watu waliiita Congress. Novemba 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere na akapata kura kama 21,000. Mwenzake alipata zaidi ya milioni moja, karibu asilimia 98. Kasanga Tumbo, aliyekuwa balozi London, aliacha ubalozi na kurudi kuanzisha chama chake. Mtu angedhani serikali iliyopata asilimia 98 ingewaacha wawili hawa waendelee kuhutubia viwanja vitupu. Badala yake nafasi yao ilizidi kubanwa. Mtemvu alirudi TANU. Tumbo alikimbilia Kenya, na baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 alirudishwa na kuwekwa kizuizini, pamoja na viongozi wa vyama vya wafanyakazi.

Mwezi huohuo wa maasi Nyerere aliunda tume ya kuandaa mfumo wa chama kimoja. Mwenyekiti wake alikuwa Rashidi Kawawa. Hadidu za rejea zilisema bayana kwamba tume haikuitwa kujadili kama nchi iwe na chama kimoja, jambo hilo lilikuwa limeshaamuliwa. Kazi yao ilikuwa kueleza kitaendeshwaje. Tume ilipofika kwenye haki za raia iliona hazifai kuwekwa kwenye Katiba, ikapendekeza chombo cha kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watendaji. Hiyo ndiyo Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoanza mwaka 1966 chini ya Chifu Erasto Mang'enya, ya kwanza ya aina yake Afrika. Ilisikiliza maelfu ya wanyonge waliodhulumiwa mishahara na viwanja. Ilimripoti mkosaji kwa Rais, na Rais ndiye aliyeamua.

Huo ndio ulikuwa mtindo wa enzi ile: haki itendeke, lakini isimame juu ya mtu mmoja. Nyerere hakuwa dikteta wa kawaida, na uchaguzi wa 1965 ulionyesha hivyo: kila jimbo liliwekewa wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba, na wananchi waliwaangusha wakubwa kadhaa, hata waziri wa uzito wa Paul Bomani. Ushindani ndani ya chama ulikuwa wa kweli. Mipaka yake ilionekana Oktoba 1968, wabunge waliosema kupita kiasi walipovuliwa uanachama wa TANU na kwa hiyo viti vyao vikapotea palepale. Mmoja wao alikuwa Joseph Kasella-Bantu, ambaye miaka kumi na minne nyuma alikuwa miongoni mwa watu 17 walioanzisha chama chenyewe.

Bibi Titi Mohamed alilipa zaidi. Ni yeye aliyewajaza kinamama katika TANU tangu 1955, wakati wanaume wengi waliogopa kazi zao za serikali. Alikamatwa mwaka 1969, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake waliodaiwa kushirikiana na Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa uhamishoni London, na akahukumiwa kifungo cha maisha. Rais alimsamehe mwaka 1972. Leo barabara inayopita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako TANU ilifanyia mikutano ya kudai uhuru, ina jina lake.

Haki za raia ziliingia katika Katiba kwa mlango wa Zanzibar. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 CCM, mrithi wa TANU, ilifungua mjadala wa kurekebisha Katiba, na Wazanzibari wakautumia kuhoji muundo wa Muungano. Ndipo ikaja ile hali iliyopewa jina la kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa, na Januari 1984 Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, akalazimika kujiuzulu. Lakini katika mjadala huohuo wanasheria na wananchi walikuwa wamedai sura ya haki, na safari hii chama kilikubali. Marekebisho ya 1984 yaliingiza ibara za 12 hadi 29: usawa, uhai, faragha, uhuru wa maoni, wa kukusanyika, wa kuabudu. Zanzibar ikaandika za kwake katika katiba yake ya mwaka huohuo.

Kisha serikali ikaomba muda. Sheria ya mpito ilisema kwamba kwa miaka mitatu, hadi Machi 1988, hakuna mtu atakayekwenda mahakamani kudai haki hizo. Serikali ipitie kwanza sheria zake na kusafisha zinazopingana na Katiba. Miaka mitatu ilipita. Sheria ya kizuizini ilikuwa palepale, kibali cha mkutano palepale.

Kilichobadilika ni kwamba milango ya mahakama ilifunguliwa na baadhi ya majaji hawakungoja kubembelezwa. James Mwalusanya, akiwa Mwanza, alipelekewa ombi la mtu wa Musoma aliyeshikiliwa chini ya sheria ya 1921 ya kuwahamisha watu kwa nguvu kutoka makwao, akaitangaza sheria ile kuwa batili. Akafuta pia masharti yaliyowanyima dhamana washtakiwa wa makosa fulani, na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikamuunga mkono. Halafu wananchi wawili wa kaskazini, mmoja wao Kukutia ole Pumbun, wakagonga mwamba wa ajabu zaidi: ili uishtaki serikali ulitakiwa uombe ridhaa ya serikali. Mahakama ya Rufani ilibatilisha sharti hilo mwaka 1993. Kwangu mimi hiyo ni hukumu kubwa kuliko nyingi zinazotajwa vyuoni, kwa sababu ilikubali kwamba anayelalamikiwa hawezi kuwa ndiye mwenye ufunguo wa mlango wa mlalamikaji.

Wakati huo upepo ulikuwa umegeuka dunia nzima. Kenya, Julai 1990, wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walitaka kuhutubia uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tarehe 7, siku ambayo kwa sadfa ndiyo siku ya kuzaliwa kwa TANU. Walinyimwa leseni, wakawekwa kizuizini siku tatu kabla, na Saba Saba ya Kenya ikaishia kwa risasi. Tanzania ilichagua njia tulivu. Nyerere mwenyewe, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, alisema mapema mwaka 1990 kwamba kujadili vyama vingi si dhambi. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimpa Jaji Nyalali tume ya kuzunguka nchi na kuwauliza watu.

Majibu yalikuwa ya kushangaza, na hadi leo hutumiwa na kila upande kwa namna yake. Kati ya watu wapatao 36,000 waliotoa maoni, karibu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe. Tume ilipendekeza vyama vingi. Hoja yake ilikuwa kwamba wale wawili katika kumi si watu wa kupuuzwa: haki ya wachache kujiunga na chama wanachokipenda haipigiwi kura na wengi. Naamini hakuna ukurasa wa uvumilivu wa kisiasa katika historia ya serikali ya Tanzania unaoufikia huo, na uliandikwa na tume ya Rais.

Tume ilifanya jambo jingine ambalo halikupata bahati kama hilo. Ilitaja sheria 40 ilizoziona kandamizi, zifutwe au zirekebishwe: ya kizuizini, ya magazeti, za kuhamisha watu, za polisi kuhusu mikutano. Julai 1992 vyama vingi viliruhusiwa. Orodha ya sheria 40 iliendelea kutajwa kwenye semina mwaka baada ya mwaka. Chache zilifutwa, nyingine zilibadilishwa majina na namba.

Hapo ndipo anapoingia Mchungaji Christopher Mtikila.

Hakuna aliyemwona Mtikila na kumsahau. Mchungaji wa kanisa lake mwenyewe, mkali wa ulimi, kiongozi wa Democratic Party ambayo ilikataliwa usajili kwa kuwa haikuutambua Muungano. Sheria ya vyama ilitaka wanachama 200 katika kila mkoa kati ya mikoa kumi, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Kwenye majukwaa aliwasema vibaya Watanzania wenye asili ya Asia, akiwaita magabacholi, na maneno yake yaliwatia hofu watu ambao hawakumkosea kitu. Aliingia na kutoka mahabusu. Wanaharakati wenye adabu zao hawakupenda kupigwa picha naye. Lakini kama tungesubiri haki idaiwe na mtu mpole na msafi wa kauli, pengine tungekuwa tunaisubiri hadi sasa. Mtu anayependwa na wote haombi ulinzi wa Katiba. Anayeudhi ndiye anayeuhitaji, na yeye ndiye aliyejaza fomu.

Mwaka 1993 alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma. Iliangukia kwa Jaji Kahwa Lugakingira. Madai yalikuwa lundo: Muungano, usajili wa vyama, uteuzi wa viongozi, na mengi kati ya hayo alishindwa. Mawili alishinda.

La kwanza lilikuwa kibali. Jaji aliisoma sheria ya polisi neno kwa neno. Anayetaka mkutano aombe, mtoa kibali aridhike, asiporidhika, basi, na hakuna pa kulalamikia. Aliona kwamba haki inayotegemea kuridhika kwa ofisa haijabaki kuwa haki. Alikubali kwamba polisi wana wajibu wa kulinda amani na wanaweza kuzuia ghasia, lakini kwa hilo taarifa ya mapema inatosha. Vifungu vya kibali vikawa batili. Jaji pia hakuwa mtu wa nadharia tupu: alitazama hali ya wakati ule, chama tawala kikihutubia kinapotaka na vyama vichanga vikihangaika na vibali, na akasema mizani haiko sawa.

La pili lilikuwa mgombea binafsi. Katiba ilimpa kila raia haki ya kushiriki uongozi wa nchi, na papo hapo ikataka anayegombea awe amependekezwa na chama. Lugakingira alisema haki ya msingi ina nguvu kuliko sharti hilo, na raia asiye na chama aruhusiwe kugombea.

Hukumu ilisomwa tarehe 24 Oktoba 1994. Siku nane kabla, tarehe 16, kesi ikiwa bado mikononi mwa jaji, serikali ilikuwa imewasilisha bungeni muswada wa kubadili Katiba ili wagombea wa nafasi zote wawe wa vyama. Desemba 2 Bunge liliupitisha. Mtikila alishinda mahakamani Oktoba, na mwaka ulipokwisha ushindi wake wa pili ulikuwa umeshazikwa kwa kura za wabunge.

Ushindi wa kwanza uliachwa uishi. Mwaka 1995 sheria ya polisi ilirekebishwa, kibali kikatoka, taarifa ya saa 48 ikaingia. Kenya ilifuata njia hiyohiyo mwaka 1997, katika makubaliano ya wabunge wa chama tawala, KANU, na wa upinzani yaliyojulikana kama IPPG: leseni ikafutwa, ikaja taarifa ya angalau siku tatu. Kote kuwili watu waliokuwa wakitoa leseni na vibali wakawa ndio wanaopokea taarifa, kwenye ofisi zilezile, na uwezo wa kusema hapana waliachiwa.

Uwezo huo ulivyotumika inategemea unamuuliza nani. Chama tawala hakikuwa na malalamiko. Zanzibar, baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000, chama cha upinzani CUF kiliitisha maandamano tarehe 27 Januari 2001 kudai uchaguzi urudiwe. Yakapigwa marufuku, wakaandamana, na polisi wakafyatua risasi, zaidi Pemba. Human Rights Watch walihesabu waliouawa wasiopungua 35. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, na kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikawa imewatoa. Muafaka wa Oktoba mwaka huo kati ya CCM na CUF ulizaa Tume ya Hashim Mbita, na Tume hiyo ilikubali kwamba watu waliuawa. Bara, Januari 2011, watu watatu walikufa Arusha katika maandamano ya chama cha upinzani Chadema yaliyokuwa yamezuiwa.

Septemba 2012 chama hichohicho kilikuwa kinafungua tawi katika kijiji cha Nyololo, Mufindi. Polisi walifika kutawanya. Mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, alizingirwa na askari na kuuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu mno na mwili wake. Mpigapicha alikuwepo, picha zilionekana nchi nzima. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15. Ufunguzi wa tawi la kijiji, ambao kwa kawaida ungehudhuriwa na watu wa pale pale na watoto waliofuata muziki, ukaingia katika historia kwa njia hiyo.

Juni 2016 polisi walizuia mikutano ya siasa nchi nzima. Rais John Magufuli alieleza msimamo wake: uchaguzi umekwisha, siasa zisubiri 2020, kila aliyechaguliwa afanye mikutano jimboni kwake. Hakuna sheria iliyobadilishwa. Kifungu cha taarifa ya saa 48 kilikuwa kitabuni vilevile, na ndiyo sababu kipindi hiki kinafundisha kuliko vingine: kwa miaka sita na nusu haki iliyotamkwa na mahakama na kuandikwa na Bunge ililala kwa tamko la mdomo. Chadema ilipanga maandamano ya kupinga hali hiyo, yaliyoitwa UKUTA, ya Septemba 1 na kuyaahirisha. Julai 2021, Magufuli akiwa ameshafariki, mwenyekiti wa Chadema wa wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa Mwanza saa chache kabla ya kongamano la Katiba mpya, akashtakiwa kwa ugaidi na kukaa mahabusu hadi Machi 2022 mashtaka yalipoondolewa.

Tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaita viongozi wa vyama Ikulu na kuwaambia zuio limeondolewa. Kikosi kazi cha Profesa Rwekaza Mukandala kilikuwa kimependekeza hivyo. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Tarehe 21 viwanja vya Furahisha, Mwanza, vilijaa watu waliokuja kuwasikiliza Chadema. Wachache waliuliza swali lililokera siku ya sherehe: kilichofungwa kwa tamko na kufunguliwa kwa tamko, kitazuiwa na nini kisifungwe tena?

Aprili 2025 Tundu Lissu, mwenyekiti mpya wa Chadema, alikamatwa Mbinga baada ya mkutano wa kampeni yake ya kudai mabadiliko ya uchaguzi, akashtakiwa kwa uhaini, kosa lile la Bibi Titi. Siku chache baadaye chama chake kiliondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Siku ya kupiga kura, Oktoba 29, maandamano yalizuka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na miji mingine. Intaneti ilizimwa, watu wakazuiwa kutoka usiku, na risasi zikatumika. Wangapi walikufa ni jambo linalobishaniwa hadi leo kati ya serikali na wanaoipinga. Mshindi alitangazwa kwa karibu asilimia 98.

Ule ushindi wa pili wa Mtikila nao una historia yake. Alirudi Mahakama Kuu na mwaka 2006 majaji watatu wakampa haki: mgombea binafsi aruhusiwe. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, ikiwa na majaji saba, ikafuta hukumu hiyo ikisema suala ni la kisiasa na mwenye kauli ni Bunge. Mtikila, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika wakaenda kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake yako Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 majaji wa bara zima wakasema Tanzania inavunja Mkataba wa Afrika. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya Mahakama hiyo kuingia ndani ya kiini cha kesi. Mtikila alikufa kwa ajali ya gari Chalinze, Oktoba 4, 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Novemba 2019 serikali ilijiondoa kwenye tamko lililowaruhusu wananchi na asasi kwenda moja kwa moja Arusha kushtaki. Karatasi za kura za 2015, za 2020 na za 2025 hazikuwa na jina la mgombea binafsi hata mmoja.